Oda Ipi Itangulie? Hesabu inayoamua mwendo wa viwanda vya Kitengela na Kajiado

Ukame wa mwaka 2009 uliwakuta wafugaji wa Kajiado na mifugo tele na malisho hakuna. Serikali ikatenga fedha na kuagiza kiwanda cha nyama cha KMC kilichoko Athi River kinunue ng'ombe kabla hawajafa. Habari zikasambaa, malori yakajaa, na ng'ombe waliokwisha kukonda wakafikishwa langoni makundi kwa makundi. Lakini kiwanda kina idadi yake ya kuchinja kwa siku, kina vyumba vyake vya baridi na wachinjaji wake. Foleni ikawa ndefu kuliko nguvu za waliosimama ndani yake. Ng'ombe wengi walifia nje ya lango wakisubiri zamu.

Lawama zilirushwa kila upande wakati huo. Ukiziweka kando, kinachobaki ni kosa la hesabu: ununuzi ulipangwa kwa kipimo cha shida iliyokuwapo, wala si kwa kipimo cha kazi ambayo kiwanda kingeweza kuimaliza kwa siku. Kosa la namna hiyo hufanyika kila wiki viwandani, kwa sura ndogo isiyofika magazetini. Afisa wa mauzo anamwahidi mteja mzigo wa Ijumaa. Malighafi haijafika stoo, mashine imeshikwa na oda nyingine, na lori lililokodiwa linalala uani huku mwenye lori akihesabu siku zake.

Kuna programu za kompyuta zilizobuniwa kuzuia jambo hilo. Wenye taaluma huziita kwa kifupi APS. Kazi yake ni kupanga uzalishaji na zamu kwa kuangalia kwa pamoja uwezo halisi wa kiwanda, malighafi iliyopo, na safari ya mzigo tangu kwa muuzaji wa kwanza hadi kwa mteja wa mwisho. Viwanda vikubwa duniani vimezitumia tangu miaka ya 1990. Kwa mji kama Kitengela, ambao mshahara wake unategemea viwanda, inafaa kujua zinafanya nini hasa, na wapi zinashindwa.

Mji wa njia panda

Sensa ya 2009 ilihesabu takriban watu 58,000 Kitengela. Ile ya 2019 ikapata zaidi ya 150,000. Wengi walikuja wakifuata kazi, na kazi zenyewe ziko ng'ambo ya mpaka usioonekana kwa macho, Athi River, Kaunti ya Machakos. Huko ndiko liliko eneo la viwanda vya kuuza nje la EPZ, lililoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 1990. Huko pia kuna viwanda vya saruji, vya chuma na hicho cha nyama. Alfajiri barabara ya Namanga hujaa watu wanaokwenda huko kwa miguu, kwa bodaboda na kwa matatu.

Minyororo ya viwanda hivyo inaingia ndani kabisa ya Kajiado. Mawe ya chokaa ya kupikia saruji yanachimbwa katika kaunti hiyo. Kampuni ya National Cement, yenye chapa ya Simba, ina kiwanda cha klinka Merrueshi. Na upande wa kusini magharibi, chini kwenye Bonde la Ufa, kuna mnyororo mkongwe kuliko yote: magadi ya Ziwa Magadi.

Kampuni ya Magadi ilianzishwa mwaka 1911, na reli ya tawi ikajengwa kutoka Konza kupitia mji wa Kajiado hadi ziwani. Leo mwenye kampuni ni Tata ya India, iliyoipata mwaka 2005 iliponunua Brunner Mond ya Uingereza. Mwendo wa kazi haujabadilika sana. Ziwa linazalisha lenyewe mwamba wa chumvi uitwao trona. Kiwanda kinauosha, kinauchoma na kupata unga unaotumika kutengeneza vioo na sabuni. Treni inaupandisha hadi reli kuu. Bandari ya Mombasa inaupokea na meli inaondoka nao. Ni hatua tano, na kila moja ina mwendo wake. Meli iliyokodiwa ikifika kabla mzigo haujatimia, mwenye meli hulipwa faini kwa kila siku ya kusubiri. Mzigo ukitimia kabla ya meli, ghala linajaa na kiwanda kinalazimika kupunguza mwendo. Kwa hiyo hesabu ya kupanga zamu si jambo lililoletwa na kompyuta. Watu wa ukanda huu wameifanya kwa penseli na simu kwa zaidi ya miaka 100.

Geti, milango, madirisha na vitanda

Ili kuona hesabu yenyewe ilivyo, tuachane kidogo na viwanda vikubwa. Tuchukue karakana ya juakali kando ya barabara ya Namanga, yenye vituo viwili: mmoja anakata vyuma, mwenzake anachomelea. Kila kazi lazima ikatwe kwanza ndipo ichomelewe. Jumatatu asubuhi kuna oda nne. Madirisha yanahitaji saa 4 za kukata na saa 1 ya kuchomelea. Milango inahitaji saa 6 za kukata na 3 za kuchomelea. Geti linahitaji saa 5 za kukata na 6 za kuchomelea. Vitanda vya bweni vinahitaji saa 2 za kukata na 5 za kuchomelea.

Desturi yetu ni aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kuhudumiwa. Tuseme oda zilikuja kwa mpangilio huo huo: madirisha, milango, geti, vitanda. Mkataji anaanza madirisha na kumaliza saa ya 4; mchomeleaji aliyekaa bure muda wote huo anafanya kazi saa moja, kisha anakaa tena hadi saa ya 10 milango inapokwisha kukatwa. Anachomelea hadi saa ya 13, anakaa tena mpaka geti limtoke mwenzake saa ya 15. Geti linamchukua hadi saa ya 21, vitanda hadi saa ya 26. Kazi yote imekula saa 26, na mchomeleaji amekaa bure saa 11 kati ya hizo.

Sasa tubadilishe mpangilio tu. Vitanda vitangulie, geti lifuate, kisha milango, na madirisha yawe ya mwisho. Mkataji anamaliza vitanda saa ya 2 na mchomeleaji anaanza mara moja. Anavimaliza saa ya 7, wakati ule ule geti linapokwisha kukatwa. Analichomelea hadi saa ya 13, na milango nayo ndiyo inatoka kukatwa. Anaimaliza saa ya 16, anasubiri saa moja tu, anapokea madirisha saa ya 17 na kufunga kazi saa ya 18. Mafundi ni wale wale, mashine ni zile zile, hakuna aliyekimbizwa. Zimeokolewa saa 8, yaani siku nzima ya kazi.

Kanuni iliyotumika hapo iliandikwa na mwanahisabati wa Marekani, Selmer Johnson, mwaka 1954. Tazama muda mfupi kuliko yote katika orodha. Ukiwa wa kituo cha kwanza, kazi hiyo iwekwe mbele. Ukiwa wa kituo cha pili, iwekwe nyuma. Ifute, kisha rudia kwa zilizobaki. Mtu mwenye kalamu anaweza kuifanya kabla chai haijapoa, na kwa vituo viwili jibu lake haliwezi kushindwa na jibu jingine lolote.

Tatizo linaanzia kwenye kituo cha tatu. Ongeza mpaka rangi, na kanuni rahisi ya namna hiyo haipo; mwaka 1976 wanahisabati walithibitisha kwamba hapo tumeingia katika kundi la matatizo yasiyo na njia ya mkato inayojulikana. Kazi nne zinaweza kupangwa kwa njia 24. Kazi kumi zina njia zaidi ya milioni 3.6, na hapo bado hatujazungumzia kiwanda ambacho kila kazi inapita mashine zake kwa utaratibu wake. Mwaka 1963 lilichapishwa fumbo la kazi 10 na mashine 10 za aina hiyo. Liliwasumbua wataalamu kwa robo karne. Jacques Carlier na Eric Pinson wa Ufaransa ndio waliothibitisha jibu lake bora mwaka 1989. Hilo lilikuwa fumbo la kazi kumi tu. Kiwanda cha kawaida cha Athi River kina mamia.

Ndiyo maana programu hizi hazijigambi kutafuta mpango bora kuliko yote. Zinatafuta mpango mzuri ndani ya dakika chache, na mambo yakiharibika mchana zinatafuta mwingine.

Mfumo usiojua kuchoka

Kabla ya APS kulikuwa na mfumo uliovisaidia viwanda sana na kuviponza vile vile. Mwaka 1964 Joseph Orlicky, mhandisi wa kampuni ya IBM, alibuni njia ya kuichukua oda na kuichambua hadi kwenye vipande vyake, kisha kuhesabu kurudi nyuma tangu siku ya kukabidhi. Kampuni ya Black & Decker ndiyo iliyotangulia kuitumia. Ukiwa na oda ya mashati 10,000, mfumo unakwambia unahitaji mita ngapi za kitambaa, vifungo vingapi na uzi kiasi gani, na uagize lini. Karibu kila programu ya kusimamia kampuni inayouzwa Nairobi leo ina hesabu hiyo ndani yake.

Kasoro yake ni kwamba inachukulia kiwanda hakichoki. Ukiupa mfumo huo oda tatu za wiki moja, na mashine ina uwezo wa oda moja, utazipanga zote tatu katika wiki hiyo bila kusita. Muda wa kutengeneza umeandikwa humo kama namba isiyobadilika, iwe kiwanda ni kitupu au kimefurika. Foleni haionekani kwenye karatasi mpaka itokee sakafuni.

Aliyelipigia kelele jambo hilo kuliko wengine alikuwa mwanafizikia wa Israeli, Eliyahu Goldratt. Alitengeneza programu ya kupanga kazi, na mwaka 1984 akaeleza fikra zake katika riwaya ya kiwandani, The Goal, iliyosomwa na mameneja wengi. Hoja yake ni hii: kiwanda kizima kinakwenda kwa mwendo wa kituo chake kilicho dhaifu. Saa inayopotea katika kituo hicho imepotea kwa kiwanda chote. Saa inayookolewa kwingine inaongeza tu marundo ya kazi nusu nusu inayosubiri.

Kompyuta zilipopata kumbukumbu ya kutosha, fikra hizo zikaungana na hesabu za akina Johnson. Sanjiv Sidhu na Ken Sharma walianzisha kampuni ya i2 nchini Marekani mwaka 1988. SAP ya Ujerumani ikaingia mwaka 1998. Mwaka 2013 Siemens ikanunua Preactor ya Uingereza. Programu za kizazi hicho hushika picha ya kiwanda kizima: mashine ipi inafanya nini, kwa dakika ngapi, inachukua muda gani kubadilisha kutoka bidhaa moja kwenda nyingine, nani anajua kuiendesha, na malighafi itatia nanga lini.

Suala la kubadilisha bidhaa ni mfano mzuri wa ujanja wake. Katika kiwanda cha rangi, kutoka nyeupe kwenda njano kunataka kusuuza kidogo. Kutoka nyeusi kwenda nyeupe kunataka kuosha pipa zima na mabomba yake. Msimamizi mwenye uzoefu analijua hilo, naye huanza Jumatatu na rangi za mwangaza na kumaliza Ijumaa na za giza. Programu inafanya hivyo hivyo, ila inakumbuka pia kwamba mteja wa nyeusi ana meli Jumatano, na inapima kipi kina hasara zaidi.

Tanuri halizimwi kama taa

Turudi kwenye saruji. Mawe ya chokaa yakichanganywa na udongo huchomwa kwenye tanuri kwa joto la takriban nyuzi 1,450 za Selsiasi na kutoa klinka, vikokoto vya kijivu. Klinka husagwa pamoja na jasi na majivu ya volkano, ikafungwa kwenye mifuko ya kilo 50. Hatua hizo zina tabia tofauti kabisa. Tanuri likishawashwa halizimwi usiku na kuwashwa asubuhi. Kulipoza na kulipasha tena kunaharibu matofali yake ya ndani na kula siku nzima au zaidi. Kinu cha kusaga kinaweza kusimama na kuanza. Mashine ya kufunga mifuko inategemea malori yaliyoko uani.

Tofauti hizo ndizo zinazomfaidi anayejua kupanga. Tangu Desemba 2017 viwanda vya Kenya vimekuwa na bei nafuu ya stima ya usiku: nusu ya bei kwa matumizi yanayozidi kiwango kilichowekwa, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi siku za kazi. Kwa hiyo inafaa kusaga usiku na kufunga mifuko mchana, mradi ghala la saruji iliyosagwa lina nafasi na la klinka lina akiba. Hapo kuna masharti manne yanayovutana: bei ya stima, ukubwa wa ghala, mwendo wa tanuri na malori ya asubuhi. Mtu mmoja mwenye Excel anaweza kuyashika yote Jumatatu. Mvua ya masika ikipunguza ujenzi, au barabara ya Mombasa ikifungwa, au kinu kikiharibika, anaanza upya.

Sera nazo hubadilika. Kuanzia Julai 2023 klinka inayoagizwa kutoka nje iliwekewa tozo ya asilimia 17.5. Waliokuwa wakisaga klinka ya meli walilazimika kukaa tena na hesabu: waagize kiasi gani, wanunue kwa jirani mwenye tanuri kwa bei ipi, wapunguze mifuko ipi. Programu nzuri ya kupanga hujibu maswali ya namna hiyo kwa kulinganisha mipango miwili au mitatu upande kwa upande, kila mmoja na gharama yake, kabla mtu hajatia saini.

Stima ikikatika nchi nzima, kama ilivyotokea Agosti, Novemba na Desemba 2023, hakuna programu inayosaidia papo hapo. Msaada wake unakuja stima inaporudi: oda zipi zianze, zipi zisogezwe, na nani apigiwe simu leo badala ya kusubiri alalamike kesho kutwa.

Dakika moja ya kola

Katika EPZ, mgogoro ni wa dakika na sekunde. Kitambaa kingi hutoka Asia kwa meli, hushushwa Mombasa, husafirishwa hadi Athi River, hukatwa na kupelekwa kwenye laini za kushona. Nguo iliyokwisha hurudi Mombasa kwa njia ile ile kuelekea Marekani, soko lililofunguliwa bila ushuru na sheria ya AGOA ya mwaka 2000. Muda wa sheria hiyo ulipofika ukingoni Septemba 2025, viwanda vilijikuta vikipanga oda bila kujua ushuru utakuwa kiasi gani mzigo utakapotia nanga.

Ingia ndani ya laini moja ya mashati. Tuseme kila mshonaji anachukua sekunde 40 kwa shughuli yake, isipokuwa anayeunganisha kola, anayechukua sekunde 60. Wengine wote wanaweza kutoa mashati 90 kwa saa. Laini itatoa 60, basi. Supavaiza akipita akiwahimiza wa mifuko na wa vifungo waongeze kasi, atapata marundo ya mashati mbele ya mshonaji wa kola na kelele nyuma yake. Akiweka cherehani ya pili ya kola, laini inafika 90 bila mtu mwingine kuongeza hata sekunde. Kabla ya kununua programu yoyote, swali la kwanza la kiwanda ni hilo: kola yetu iko wapi?

Upangaji mbovu huonekana kwanza kwenye mwili wa mfanyakazi. Kitambaa kikichelewa siku nne bandarini na tarehe ya meli isibadilike, siku hizo nne hutafutwa katika usiku wa washonaji. Kanuni za jumla za mishahara za Kenya zinataja saa 52 kwa wiki ya siku sita, na saa za kawaida pamoja na za ziada zisizidi 116 kwa wiki mbili. Ovataimu ya siku ya kawaida hulipwa mara moja na nusu, na ya siku ya mapumziko au sikukuu mara mbili. Kwenye programu ya kupanga, mipaka hiyo inaweza kuandikwa kama ukuta usiopitika, sawa na uwezo wa mashine. Inaweza pia kuandikwa kama gharama tu, na mashine ikaona ni nafuu kuikiuka. Uamuzi huo haufanywi na kompyuta. Unafanywa na mtu aliyeketi na fundi wa programu siku ya kuisanidi, na chama cha wafanyakazi kingefanya vyema kutaka kujua aliamua nini. Mpango unaotimia kwa ovataimu tu haujapanga kitu.

Mali bila daftari

Mfano unaosimuliwa sana wa programu hizi kushindwa ni wa Nike. Kampuni hiyo ilinunua mfumo wa i2 ili kubashiri mahitaji na kupanga uzalishaji wa viatu. Mwaka 2001 ikatangaza kwamba mauzo ya robo mwaka yangepungua kwa takriban dola milioni 100, kwa kuwa viatu visivyotafutwa viliagizwa kwa wingi na vilivyotafutwa vikapungua. Hesabu yenyewe haikuwa na kosa la kujumlisha. Mfumo uliunganishwa haraka na mifumo ya zamani, ukapewa taarifa zisizolingana, na watu wakaamini ulichosema.

Nike ilikuwa na fedha za kusimama tena. Kiwanda cha ukubwa wa kati cha Athi River hakina. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna programu inayoweza kulijaza daftari hilo yenyewe. Ikiwa kitabu cha stoo kinasema kuna magombo 40 ya kitambaa na rafu zina 31, programu itapanga kazi ya magombo 40, itaipanga vizuri sana, na laini itasimama saa nane mchana.

Uongo mwingine ni wa adabu, nao ni mgumu zaidi kuung'oa. Muuzaji anajua mzigo utafika siku ya kumi, anasema kumi na mbili ili asilaumiwe. Mtu wa ununuzi anaongeza mbili zake. Mpangaji anaongeza mbili nyingine. Siku kumi zimekuwa kumi na sita, kila mmoja ana kinga yake, na kampuni ina mtaji uliolala stoo. Mshonaji naye anajua anaweza kumaliza kola kwa sekunde 50, lakini haonyeshi, kwa kuwa ameona waliojionyesha wakipandishiwa tageti bila kupandishiwa mshahara. Hapo tatizo limekwisha kuwa la uaminifu. Kiwanda kinachomwadhibu mkweli hakitapata muda wa kweli wa kuiingiza kwenye programu, hata kikinunua ile ya bei ya juu kuliko zote.

Wapi pa kuanzia

Si lazima kuanza na mamilioni. Zipo programu za kupanga uzalishaji zenye toleo la bure ambalo msimbo wake uko wazi, kama frePPLe iliyotengenezwa Ubelgiji, na Odoo ambayo mafundi wengi wa Nairobi wanaifahamu. Vijana waliosoma hesabu za uendeshaji wapo vyuoni wakitafuta nafasi za mafunzo kazini, na mji wa teknolojia wa Konza, uliozinduliwa Januari 2013, uko mwendo mfupi kwa barabara ya Mombasa. Kinachokosekana mara nyingi ni namba za kuanzia.

Kwa hiyo mwenye kiwanda, kikubwa au karakana ya watu sita, anaweza kufanya mambo matatu mwezi huu bila kununua chochote. Apime kwa saa, akishirikiana na wafanyakazi wake, muda halisi wa kila kituo na muda wa kubadilisha kutoka kazi moja kwenda nyingine. Atafute kituo kimoja kinachowachelewesha wengine, akilinde: kisikose malighafi, kisikose fundi, kisisimame wakati wa chakula ikiwa mtu wa kushika zamu yupo. Kisha mtu wa mauzo asimwahidi mteja tarehe kabla ya kuuliza kituo hicho kina nafasi lini.

Taasisi nazo zina sehemu yao. Kenya Power hutangaza mapema maeneo yatakayokatiwa stima kwa matengenezo. Matangazo hayo yakitolewa kwa muundo ambao programu inaweza kuusoma moja kwa moja, kila mpango wa kiwanda kuanzia Athi River hadi Magadi utakuwa wa kweli zaidi. Bandari na reli zikifanya vivyo hivyo na tarehe za makontena, siku za akiba zinazolaza mtaji zitapungua. Chama cha Watengenezaji Bidhaa, KAM, na serikali za kaunti za Kajiado na Machakos zingeweza kulisukuma hilo kwa gharama ndogo kuliko ya kilomita moja ya lami.

Baada ya hapo ndipo programu inunuliwe, na muuzaji wake aulizwe maswali mawili mbele ya supavaiza: itafanya nini mashine ikiharibika saa tano asubuhi, na saa za sheria za mfanyakazi zimeandikwa humo kama mpaka au kama gharama? Akishindwa kujibu hayo mawili, usitie saini.